Bram alipoondoka, nani alishika funguo za Vim?

Ukiifungua Vim bila kuitajia faili la kuhariri, kioo cha kompyuta hubaki kitupu, isipokuwa mistari michache katikati: jina la programu, namba ya toleo, jina la mwandishi wake, na mara nyingi ombi fupi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Ombi hilo limesomwa na mafundi wa seva za benki, wanafunzi wa vyuo, wanasayansi wa maabara na vijana wanaojifunza kuandika programu usiku kwenye kompyuta ya kuazima. Wengi wao hawajawahi kufika Uganda, na wala hawajui ni nani aliyeona vema kuliweka hapo.

Aliyeliweka ni Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeanza kuiandika Vim mwishoni mwa miaka ya 1980. Alifariki dunia tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Familia yake iliwatangazia watumiaji kwamba alikuwa na maradhi yaliyomzidia kwa kasi katika majuma ya mwisho. Salamu za rambirambi zilimiminika kutoka kila bara, na ndani ya salamu hizo likajitokeza swali ambalo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema: na programu je?

Kwa karibu miaka 32 tangu toleo la kwanza litolewe kwa umma, mabadiliko ya Vim yalipita mikononi mwa mtu mmoja. Watu wa kutoa mawazo na kutuma viraka, yaani vipande vya msimbo vya kurekebisha kasoro, walikuwa mamia. Aliyeamua kiingie nini na kibaki nje nini alikuwa Bram.

Kutoka Amiga hadi kila seva

Hadithi inaanza na mashine iitwayo Amiga, iliyopendwa sana Ulaya miaka ya 1980. Moolenaar alikuwa nayo nyumbani, lakini alikikosa kihariri alichokizoea, vi, kilichoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alichukua programu ndogo iitwayo Stevie, iliyokiiga vi, akaanza kuirekebisha kwa mahitaji yake mwenyewe. Novemba 1991 aliitoa kwa umma katika diski namba 591 ya mkusanyo wa Fred Fish, diski zilizokuwa zikinakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono miongoni mwa wenye Amiga. Jina la Vim lilimaanisha mwigo wa vi. Baadaye, programu ilipomzidi mama yake kwa uwezo, maana ya jina ikabadilishwa kuwa vi iliyoboreshwa.

Leo Vim inapatikana karibu katika kila mfumo wa Linux na katika kompyuta za Mac. Kwa kawaida haina vitufe vya kubofya wala mapambo. Karibu kila kitu hufanyika kwa kibodi, na anayeingia kwa mara ya kwanza huwa hajui hata namna ya kutoka. Swali la jinsi ya kutoka Vim liliulizwa katika mtandao wa Stack Overflow, na kufikia mwaka 2017 lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Aliyekwisha kuizoea, kwa upande mwingine, vidole vyake hukimbia kama vya fundi cherehani, na kumwambia abadili kihariri ni kama kumwambia aanze kuandika kwa mkono wa kushoto.

Kibaale, 1994

Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kusini mwa Uganda, akakaa mwaka mzima akijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale. Kibaale hiyo si wilaya ya magharibi inayojulikana kwa jina hilo. Ni mji mdogo katika eneo la Rakai, jirani na mkoa wa Kagera wa Tanzania. Kazi aliyofanya haikuhusu kompyuta. Ilikuwa ya maji na usafi wa mazingira.

Msomaji wa Bukoba au Masaka hahitaji kuelezwa Rakai ilikuwa mahali gani wakati huo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walionekana huko mwaka 1982, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasensero kando ya Ziwa Victoria. Waganda waliuita ugonjwa huo kwa jina la Kiingereza lililomaanisha wembamba, na ng'ambo ya pili ya mpaka, Kagera, watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Nyumba zilibaki na bibi na wajukuu. Kituo cha Kibaale kilikuwa na shule, zahanati na chakula kwa watoto waliodhoofika.

Aliporudi Uholanzi hakutaka kuiacha kazi ile. Alishiriki kuanzisha shirika la hisani, ICCF Holland, la kukusanya ada za shule kwa ajili ya watoto hao, na akaifunga Vim na shirika hilo kwa leseni yake. Programu ni bure, inaruhusiwa kunakiliwa na kubadilishwa, ila mtumiaji anaombwa kuchangia watoto wa Uganda. Baadaye waliochangia walipewa haki ya kupiga kura juu ya uwezo gani mpya uandikwe kwanza. Na Moolenaar alipopata ajira Google, katika ofisi za Zürich, mwaka 2006, alisema kwa kuwa sasa ana mshahara, fedha za udhamini wa Vim ziende zote Kibaale.

Kwa hiyo Agosti 2023, aliyeuliza habari za mustakabali wa Vim alikuwa anauliza mambo mawili. Kulikuwa na maelfu ya mistari ya msimbo isiyo na mlezi. Kulikuwa pia na ahadi kwa watoto ambao hawakujua kabisa kwamba karo yao ilitegemea, kwa sehemu, sentensi iliyomo ndani ya programu ya kuhariri maandishi.

Waliokwisha kuondoka

Si mara ya kwanza kwa swali la mustakabali wa Vim kuulizwa. Mwaka 2014 Thiago de Arruda, mwandishi wa programu kutoka Brazili, aliandika kiraka kikubwa cha kuiwezesha Vim kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Kiraka hakikukubaliwa. Badala ya kunung'unika alifanya kile ambacho leseni za programu huria humruhusu kila mtu kufanya: alinakili msimbo wote, akaanzisha mradi mwingine, akauita Neovim. Wachangiaji walimfuata, na fedha zikachangwa na watu waliotaka mabadiliko ya haraka.

Kujitenga kwa namna hiyo kunauma. Marafiki hugawanyika, na watumiaji hawajui waende na nani. Lakini katika historia ya Vim mgawanyiko ule uliamsha pande zote mbili. Neovim ilijengwa na kundi, bila mtu mmoja wa kutia saini kila kitu. Vim nayo, katika toleo la 8.0 la Septemba 2016, ilipata njia yake yenyewe ya kuendesha kazi pembeni huku mtumiaji akiendelea kuandika. Tangu hapo Neovim imekuwa ikiendelea kuchukua viraka vingi vya Vim na kuvitia katika msimbo wake. Wagombanao ni ndugu, na ndugu hawa hawakuacha kupeana chumvi.

Siku za matanga

Mradi uliofiwa na mwenyewe una njia chache. Unaweza kufungwa, watumiaji wakabaki na toleo la mwisho mpaka kasoro ya kwanza kubwa ya usalama iwafukuze. Unaweza kumezwa na mradi ndugu. Unaweza kukabidhiwa taasisi au kampuni. Au mtu miongoni mwa waliokuwa jirani na marehemu anaweza kusimama na kusema kazi itaendelea.

Katika Vim aliyesimama ni Christian Brabandt, Mjerumani aliyekuwa mchangiaji kwa miaka mingi na ambaye tayari alikuwa na ruhusa ya kuingiza mabadiliko katika ghala la msimbo. Jambo hilo dogo, ruhusa iliyotolewa mapema, ndilo lililozuia mradi usisimame. Ruhusa ya kuingiza msimbo, hata hivyo, ni ufunguo mmoja tu. Kuna umiliki wa ghala zima, seva ya tovuti, jina la kikoa, anwani ambako ripoti za siri za usalama hupokelewa, na maneno ya siri ya kila kimoja. Anayeyajua yote akiondoka ghafla, wanaobaki huanza kugonga milango ya watu waliomo katika majonzi.

Jambo la pili lililoisaidia Vim halikuonekana kwa wengi. Kiini cha programu kilikuwa cha Bram, lakini viunga vyake vilikwisha kugawanywa zamani. Vim inazitambua mamia ya aina za mafaili, kuanzia C na Python hadi mafaili ya mipangilio ya seva, na kila aina ina faili lake la kanuni lenye mlezi aliyetajwa kwa jina mwanzoni mwa faili. Watu hao walijua wajibu wao na waliendelea nao. Tena, kwa miaka kadhaa wachangiaji walikuwa wameandika majaribio mengi ya kujiendesha yenyewe, yanayokagua kama badiliko jipya limeharibu kitu cha zamani. Mrithi asiyejua kila pembe ya msimbo aweza kuthubutu kuugusa, kwa kuwa kikivunjika kitu ataambiwa mara moja.

Taratibu nazo zilibadilika. Zamani kila kiraka kiliingia ghalani kwa jina la Bram, hata kama kiliandikwa na mwingine, ambaye alitajwa ndani ya maelezo. Sasa jina la aliyekiandika ndilo linaloandikwa kuwa la mwandishi. Kwa kijana anayetafuta kazi na kuonyesha alichokifanya, tofauti hiyo ni kubwa. Watu zaidi walipewa ruhusa ya kuingiza mabadiliko.

Tarehe 2 Januari 2024, miezi mitano baada ya msiba, lilitolewa toleo la 9.1. Lilikuwa na mambo ambayo Bram alikuwa akiyafanyia kazi, likiwemo lile la kuikamilisha lugha mpya ya ndani ya Vim kwa kuipa madaraja na vitu, kama zilivyo lugha nyingine za kisasa. Toleo lote liliwekwa wakfu kwa kumbukumbu yake.

Funguo zikiangukia mkono mbaya

Miezi mitatu tu baada ya toleo hilo, ulimwengu wa kompyuta ulioneshwa namna urithi wa mradi mdogo unavyoweza kwenda kombo.

XZ Utils ni programu ya kubana mafaili, inayotumiwa karibu katika kila Linux. Kwa miaka mingi ililelewa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, mwenye viraka safi. Mwaka 2022 majina mengine yasiyofahamika yakaanza kumshinikiza Collin: unachelewa, watu wanangoja, mpe mwingine mradi. Collin alieleza wazi kwamba nguvu zake zilikuwa zimepungua na kwamba kazi hiyo haina malipo. Kidogo kidogo Jia Tan alipewa funguo.

Februari na Machi 2024 yalitoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri ndani yake, uliofichwa kwa ustadi ili aliyeuweka aweze kuingia katika seva za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeshangaa kwa nini kuingia katika mashine yake ya majaribio kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuatilia nusu sekunde hiyo, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kufika katika mifumo ya majaribio ya Debian na Fedora, na hatua iliyobaki ilikuwa kuenea kwenye seva za kazi.

Vim na XZ zilikabiliwa na uamuzi ule ule wa kumpata mlezi wa pili. Katika Vim mrithi alikuwa mtu anayejulikana, aliyeonekana kwa miaka mingi akifanya kazi hadharani. Katika XZ mlezi aliyechoka alibanwa na watu wasio na sura, na hakukuwa na mtu wa pembeni wa kumwambia angoje kwanza.

Fedha, kampuni, baraza

Wapo wanaosema dawa ni fedha, na wana ushahidi. Aprili 2014 iligunduliwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za tovuti nyingi duniani, zikiwemo za benki. Ndipo watu walipojua kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka na kwamba ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote. Kampuni kubwa zilizoutegemea bila kulipa senti zilichangishana kupitia Linux Foundation.

Fedha za kampuni zina upande wa pili. Atom, kihariri kingine cha maandishi, kilikuwa na nguvu ya kampuni ya GitHub nyuma yake, na kilipendwa. GitHub iliponunuliwa na Microsoft, yenye kihariri chake, Atom ilianza kupungukiwa na watu, na tarehe 15 Desemba 2022 ilifungwa rasmi. Vim, isiyo na kampuni, ilikuwa bado inatoa viraka siku hiyo.

Njia nyingine ni ya Python. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya alama moja mpya katika lugha hiyo, mwanzilishi wake Guido van Rossum alitangaza kwamba anajiuzulu nafasi ya mwamuzi wa mwisho, na hakumteua mrithi. Aliwaachia wenzake waamue watakavyojitawala. Walijadili mapendekezo kadhaa, wakapiga kura mwezi Desemba, na wakachagua kuwa na baraza la watu watano linalochaguliwa tena kwa kila toleo jipya. Van Rossum alikuwa hai, mwenye afya, na aliweza kuulizwa. Pengine hilo ndilo lililokuwa bora kuliko mfumo wenyewe.

Kiswahili nacho kilikuwepo

Afrika Mashariki imekwisha kuonja habari hizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili kuanzia kwenye menyu hadi kwenye ujumbe wa makosa. Watu walikaa wakabishana juu ya neno moja moja: faili liitweje, kuhifadhi kuwe nini, kubandika kuwe nini.

Miaka sita baadaye, OpenOffice yenyewe ilipasuka. Kampuni ya Sun iliyoimiliki ilinunuliwa na Oracle, na Septemba 2010 wachangiaji wengi waliondoka, wakaanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuhama. Uamuzi uliofanywa mbali sana na Mlimani, kilipo chuo hicho, uligusa kazi iliyofanywa Mlimani. Leseni huria ililinda msimbo na maneno yake, kwa maana hakuna aliyeweza kuyafungia kabatini. Kilichohitajika kulindwa zaidi ni kundi la watu wa kuyaendeleza toleo baada ya toleo, na kundi halilindwi na leseni.

Hapo ndipo Vim inapowahusu vijana wanaoandika programu Nairobi, Arusha, Kampala na Bujumbura. Miradi yao mingi ni midogo, ya mtu mmoja au wawili: kamusi ya simu, kikokotoo cha mazao, kibodi ya lugha ya nyumbani. Mwenye mradi hupata kazi, huoa, huhama, huugua. Anayeacha mtu wa pili mwenye ruhusa, majaribio yanayojiendesha, na maandishi yanayosema kila ufunguo uko wapi, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya uamuzi kabla haujahitajika. Kazi hiyo huchukua alasiri chache, na Vim inaonyesha thamani yake.

Tokyo, Novemba 2024

Mwaka mmoja na ushee baada ya msiba, Brabandt alisimama mbele ya watumiaji wa Vim katika mkutano wao jijini Tokyo, akawaeleza kilichobadilika tangu Bram aondoke. Mlezi mkuu bado ni yeye, na anafanya kazi hiyo kwa muda wa ziada. Ripoti za kasoro za usalama, ambazo zilikwisha kumiminika tangu Bram angali hai, bado zinahitaji mtu wa kuzisoma moja moja. Na kila anayependekeza jambo jipya hupimwa kwa kipimo cha tangu zamani: je, litavunja mazoea ya yule aliyeitumia Vim kwa miaka ishirini? Programu iliyokuwa ya mtu mmoja sasa ina watu kadhaa, ingawa mzigo mkubwa umebaki mabegani mwa mmoja.

Kitu kimoja hakikuletewa mjadala mkali. Mwongozo wa Vim una ukurasa wake wa Uganda, ulioandikwa na Bram mwenyewe, unaoeleza Kibaale iko wapi, watoto wanasoma nini na mchango upelekwe kwa nani. Warithi waliuacha mahali pake. Kwa wachangiaji wa Kanada, ukurasa huo ulilitaja kwa miaka mingi shirika lililoko Surrey, karibu na Vancouver, ambalo huwahudumia wafadhili wa huko na kuzipeleka fedha kusini mwa Uganda. Shirika hilo linaitwa Kuwasha, na mafundi wa Tokyo au Berlin wanaolisoma jina hilo huenda wasijue ni neno la lugha gani. Anayeusoma ukurasa huo akiwa Bukoba, saa chache kwa basi kutoka Rakai, analielewa bila kamusi.